Kazi Iliyofanywa Kitandani

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi, wala halisemwi sana, nalo ni maumivu yasiyokwisha. Hatuneni maumivu ya jeraha lipatalo kupona, wala ya jino ling'olewalo likasahauliwa. Twanena maumivu yakaayo na mtu miezi na miaka, yakiamka naye asubuhi na kulala naye usiku. Madaktari wa siku hizi husema kwamba maumivu yakizidi miezi mitatu yahesabiwe kuwa ya kudumu, nayo yaangaliwe kwa namna nyingine kuliko maumivu ya siku mbili. Mwenye baridi yabisi ayajua. Mwenye selimundu ayajua. Mama aliyeumia mgongo kwa kubeba mizigo ayajua.

Mtu wa namna hii ana mizigo miwili. Wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni maneno ya watu. Kwa kuwa hana jeraha la kuonyesha, watu humtazama wakasema, "Jana alikwenda sokoni, leo amelala, huyu ni mvivu." Mwalimu akifundisha hali ameketi kitini, wazazi huuliza kama amechoshwa na kazi. Mke akiuweka mchi chini kabla ya kumaliza kutwanga, huambiwa kwamba wenzake wanatwanga mpaka mwisho. Hata wako wautafutao mwanzo wa ugonjwa katika dhambi za mgonjwa, kama walivyofanya rafiki zake Ayubu. Wahenga wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi, je, mtu aumwaye hivi aache kazi? Au ajikaze kama mtu mzima wa afya, mpaka aanguke? Majibu hayo mawili ndiyo tuyasikiayo kila siku, na yote mawili yana hasara. Tumeona ni vema kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyeishi na maumivu miaka mingi, naye akafanya kazi kubwa akiwa kitandani. Jina lake wengi mwalijua, maana siku aliyozaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo siku ya wauguzi katika dunia nzima. Yeye ni Bibi Florence Nightingale. Lakini wengi wamjua kwa habari za vita na taa yake tu. Habari za kitanda chake hawajazisikia.

Taa ya Scutari

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Alipokuwa na umri wa miaka 16, siku ya 7 Februari 1837, aliandika kwamba Mungu amemwita katika utumishi wake. Akangoja miaka mingi, kwa maana jamaa zake hawakukubali binti yao awe muuguzi; kazi hiyo wakati ule ilidharauliwa sana. Hata mwaka 1851 akapata ruhusa kwenda Kaiserswerth, nchi ya Ujerumani, akajifunza kwa mashemasi wa kike waliokuwa wakitunza wagonjwa na maskini. Mwaka 1853 akawekwa kuwa mkubwa wa hospitali ndogo ya wanawake wagonjwa mjini London.

Mwaka 1854 Waingereza na Wafaransa walikuwa pamoja na Waturuki katika vita juu ya Warusi. Habari zikafika Uingereza kwamba askari waliojeruhiwa walikuwa wakifa kama inzi. Florence akatumwa na Serikali, akaondoka mwezi wa Oktoba pamoja na wanawake 38, akafika Scutari, ng'ambo ya mji wa Constantinople, tarehe 4 Novemba. Hapo aliwakuta askari wamelala chini sakafuni, mashuka hayana, maji ni machache, na mifereji ya uchafu iliyo chini ya nyumba imeziba. Akafanya kazi usiku na mchana, na usiku alipita kati ya vitanda na taa mkononi. Lakini ukweli usemwe: majira yale ya baridi askari walizidi kufa, maana taa na mikono laini haviwezi kushinda uchafu ulio chini ya sakafu. Walipokuja mafundi wa usafi mwezi wa Machi 1855, wakazibua mifereji na kuingiza hewa safi, ndipo vifo vilipopungua sana. Jambo hilo hakulisahau maisha yake yote.

Homa ya Krimea

Mwezi wa Mei 1855 alivuka Bahari Nyeusi kwenda Balaklava, kuzitazama hospitali za huko. Siku chache tu baadaye homa kali ikamshika, akawa karibu na kufa. Alipopata nafuu alishauriwa arudi kwao, naye akakataa, akakaa mpaka vita vilipokwisha. Akarudi Uingereza mwezi wa Agosti 1856 kimyakimya, asitake ngoma wala mapokezi. Umri wake ulikuwa miaka 36.

Watu wengi huimaliza hadithi hapo. Lakini aliishi miaka 54 zaidi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mgonjwa. Mwezi wa Agosti 1857, katikati ya kazi ya kuandika habari za afya ya askari, alianguka. Moyo ulimwenda mbio, pumzi zikamwishia, chakula hakikupita. Akapona kidogo, akaanguka tena. Mwisho wa mwaka 1861 hali ikawa mbaya kupita zote. Uti wa mgongo ulimwuma sana, hata asiweze kutembea. Kwa muda wa miaka kama sita alikuwa mtu wa kubebwa. Siku nyingine alipata nafuu, na siku nyingine hakuweza hata kuzungumza na mtu kwa muda mrefu. Na kama iwavyo kwetu, ndivyo ilivyokuwa kwake: wako waliosema kwamba anajisingizia, au kwamba ni wazimu wa mishipa tu. Maneno hayo yaliandikwa hata katika vitabu vilivyotungwa baada ya kufa kwake.

Sasa tazameni kazi zilizotoka katika chumba kile. Mwaka 1858 alichora picha za hesabu zilizoonyesha wazi, hata kwa mtu asiyependa tarakimu, kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi yanayoweza kuzuiwa kuliko waliouawa na silaha. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha wataalamu wa takwimu cha London. Mwaka 1859 kikatoka kitabu chake cha kuwafundisha watu wa nyumbani namna ya kutunza wagonjwa. Mwaka 1860 chuo chake cha wauguzi kikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas' ya London, kwa fedha zilizochangwa na watu, zaidi ya pauni 40,000. Mwaka 1863 ikatoka taarifa kubwa ya afya ya askari katika Bara Hindi, naye Bara Hindi hakuikanyaga kamwe. Aliandika maswali, akayatuma katika kambi za huko, akayasoma majibu kitandani. Mwaka 1865 wauguzi waliofundishwa wakaanza kazi katika hospitali ya maskini mjini Liverpool, na barua zake zikiwa nyuma ya kazi hiyo. Barua alizoandika maishani mwake ni zaidi ya 10,000.

Namna alivyofanya

Mtu akisoma hesabu hiyo aweza kusema, "Yeye alikuwa na nguvu za ajabu, mimi sina." Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba hakufanya kwa nguvu. Alifanya kwa utaratibu, na utaratibu waweza kufundishwa.

Kwanza, aliiacha kazi ambayo mwili wake haukuweza tena, akaishika ile iliyobaki. Kuzunguka kati ya vitanda usiku hakuweza. Hata chuo kilicho na jina lake hakuweza kukisimamia mwenyewe; mkuu wa wauguzi pale hospitalini, Bibi Wardroper, ndiye aliyekisimamia. Florence alishika kalamu. Yaliyokuwa miguuni mwake yakahamia mkononi. Si jambo rahisi kuiacha kazi uliyosifiwa nayo mbele ya watu, ukaanza nyingine isiyoonekana.

Pili, alizihesabu nguvu zake kama mtu mwenye fedha kidogo azihesabuvyo mpaka mwisho wa mwezi. Wageni aliwapokea mmoja mmoja, kwa saa iliyopangwa, wala hakuona haya kuwarudisha hata wakubwa. Wengine walimwita mwenye kiburi. Kumbe alijua kwamba saa moja ya mazungumzo ya bure huenda ikamla siku nzima ya kazi.

Tatu, alitumia mikono na miguu ya wengine. Daktari Sutherland alifanya kazi pamoja naye miaka mingi, naye daktari huyo masikio yake yalikuwa mazito. Basi mmoja hana nguvu za kusema sana, na mwenziwe hasikii vizuri. Wakawa wakiandikiana vikaratasi kwa kalamu ya risasi, vikipanda na kushuka ndani ya nyumba ile ile. Hivyo wawili wenye upungufu wakafanya kazi ya watu wengi.

Nne, hakuitumaini dawa moja kuondoa yote. Katika miaka ya 1860 madaktari walimchoma afyuni chini ya ngozi. Alikiri kwamba ilimtuliza kwa muda wa saa kama 24; lakini alikiri pia kwamba haikumwongezea wepesi wa akili. Akajua faida yake, akajua na gharama yake. Hiyo ni busara ipasayo kukumbukwa leo, maana dawa kali za maumivu zimewafunga wengi, na hata vidonge vinunuliwavyo dukani, vikimezwa kila siku pasipo daktari kujua, huweza kudhuru tumbo na figo.

Makosa yake

Hatupendi kuwasimulia habari za mtu kana kwamba hakuwa na kosa. Maumivu yalimfanya kuwa mkali kwa waliomsaidia. Rafiki yake mkubwa, Sidney Herbert, aliyekuwa waziri, alishikwa na ugonjwa wa figo. Naye Florence akazidi kumhimiza kazi, mpaka yule bwana akafa mwezi wa Agosti 1861. Huzuni yake ikawa kubwa mno. Shangazi yake, Mai, aliacha nyumba yake na watoto wake akakaa naye kumtunza. Na alipotaka kurudi kwake mwaka 1860, Florence alikasirika, wakatengana kwa miaka mingi.

Tumelisema hili kwa kuwa ni hatari ya kila mgonjwa wa muda mrefu. Mtu aumwaye siku zote huweza kudhani kwamba hakuna mwingine aumwaye. Amwonaye mwenziwe akitembea humhesabu kuwa mzima. Mtunzaji naye ana mgongo, naye ana usiku wake wa kulala. Katika nyumba yenye mgonjwa, yafaa mtunzaji naye aulizwe hali yake.

Tena yatupasa kusema kwamba Florence alikuwa na vitu ambavyo wengi wetu hatuna. Baba yake alimpa pauni 500 kila mwaka. Alikuwa na watumishi na nyumba yenye utulivu. Mwalimu wa shule ya kijijini hana watumishi. Mama mwenye watoto watano hawezi kuwarudisha wageni mlangoni. Basi yale ambayo fedha zilimfanyia Florence, kwetu jamaa na majirani hawana budi kuyafanya.

Ugonjwa wake ulikuwa nini?

Miaka mingi watu waliuliza. Hata mwaka 1995 mtaalamu mmoja Mwingereza, D. A. B. Young, alizitazama upya dalili zake zote, tangu homa ya Krimea hata maumivu ya mgongo, akaonyesha kwamba zapatana sana na ugonjwa uitwao brusela. Wengi wamelikubali neno lake, ingawa baada ya miaka mingi hivyo hakuna awezaye kumpima.

Ugonjwa huo watuhusu sisi, wala hauko mbali. Kijidudu chake kilionekana kwanza mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta, na aliyekigundua ni daktari wa jeshi, David Bruce. Lakini haikujulikana kinatoka wapi, mpaka mwaka 1905, ambapo daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alikiona katika mbuzi waliokuwa na afya machoni. Mwaka 1906 askari wa huko wakakatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua upesi kati yao.

Brusela iko katika ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia wa Afrika ya Mashariki mpaka leo. Wafugaji wayajua matendo yake, maana ndio ugonjwa wa mifugo kutupa mimba. Mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, na kwa kushika kwa mikono mitupu mtoto wa mnyama na kondo la nyuma wakati wa kuzaa. Dalili zake ni homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, uchovu mwingi, na maumivu ya viungo na mgongo. Kwa kuwa homa yake yafanana na malaria na homa ya matumbo, watu hupewa dawa za magonjwa hayo tena na tena, wasipone; na mwisho huitwa wavivu.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Katika siku za Florence dawa haikuwapo. Leo ipo. Daktari hupima damu, hutoa dawa mbili kwa pamoja, nazo huliwa kwa muda wa wiki kama sita bila kukatiza. Huenda yuko mtu nyumbani mwako ambaye umemwita mlegevu mwaka mzima, naye anao ugonjwa wenye jina na dawa. Basi mpelekeni akapimwe kabla ya kumhukumu. Na maziwa yachemshwe. Msidhani kwamba maziwa yakiganda yamekuwa salama. Yachemsheni kwanza, ndipo myagandishe.

Maneno kwa nyumba zetu na shule zetu

Si kila maumivu ya kudumu ni brusela, wala si yote yana dawa ya kuyaondoa. Kwa hayo yabakiayo, haya machache yafaa.

Mwenye maumivu ya mgongo asilale siku nzima kwa kuogopa. Zamani madaktari waliamuru kulala. Siku hizi wameona kwamba kulala sana hudhoofisha nyama za mgongo, na maumivu huzidi. Kutembea kidogo kila siku, kwa kipimo kile kile, ni bora. Hatari kubwa ni siku ya nafuu. Mtu akijisikia vizuri huamka akalima shamba zima, apate kulipa siku alizolala, kisha hulala siku nne. Afadhali matuta mawili leo, na mawili kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini mgongo ukiuma na miguu ikafa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukazuiwa au kutoka wenyewe, au homa na kukonda vikafuatana na maumivu, asingoje. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwalimu mkuu aliye na mwalimu mgonjwa asimwulize tu, "Waweza au huwezi?" Amwulize, "Ni lipi katika kazi yako likuumizalo zaidi?" Huenda ni kusimama, basi na apewe kiti, na mtoto mkubwa aandike ubaoni. Huenda ni mwendo wa asubuhi. Basi vipindi vyake viwekwe baadaye. Kusahihisha madaftari, kutunga mitihani, kuweka vitabu vya hesabu, yote hayo ni kazi ya shule, nayo hufanywa hali mtu ameketi. Mwalimu mzee ajuaye somo lake, akiketi kitini, awafaa watoto kuliko kijana mwenye miguu mizima asiyelijua.

Mume na ampunguzie mkewe ndoo za maji, wala asingoje kuombwa, maana kuomba kila siku nako ni maumivu. Mke asiwaambie watoto kwamba baba yao ni mvivu. Watoto wafundishwe kusema, "Pole, mama, leo ni siku mbaya au ya nafuu?" Swali hilo ni dogo, lakini mgonjwa husikia ndani yake kwamba ameaminiwa.

Naye mgonjwa mwenyewe aseme kweli. Asifiche maumivu mpaka yamwangushe, wala asiyatumie kuwatawala walio nyumbani.

Florence Nightingale alipozeeka, maumivu yalipungua. Katika miaka ya 1880 aliweza kutoka na kutembea tena, na watu wakamwona kuwa mpole kuliko ujana wake. Macho yake yakamwacha kabla ya kufa. Mwaka 1907 alipewa nishani ya heshima kuu ya Uingereza, ambayo mwanamke alikuwa hajapewa kamwe. Alikufa tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90. Jamaa zake hawakukubali azikwe pamoja na wakubwa wa nchi. Wakamzika kijijini, katika kaburi la wazazi wake, na juu ya jiwe ziliandikwa herufi mbili tu za jina lake, na miaka yake.

Jioni hii, wasomaji wapendwa, mkiisha kula, mtazameni yule aliye kimya pembeni mwa nyumba, mwenye kujishika kiuno anapoinuka. Mwulizeni habari zake, mketi, mngoje jibu lake.